Upasuaji wa kupunguza unene na hatima ya figo

Msafiri anayeshuka Dumila, pale njia panda ambapo barabara ya Kilosa inaachana na ile kuu iendayo Dodoma, hapati shida ya chakula. Wali, chipsi, nyama ya kukaanga na soda vyote viko karibu. Na katika jamii yetu mwili ukinenepa husifiwa: mke aliyenenepa huhesabiwa kuwa anatunzwa, na kitambi cha mume huitwa cha heshima. Nasi wa meza hii hatujitoi. Ni wachache wanaojiuliza figo zinasemaje.

Kila figo ina vichujio vidogo vya damu vipatavyo milioni 1. Idadi hiyo haiongezeki mwili unapojaa mafuta. Mtu aliyetoka kilo 65 akafika kilo 120 anategemea vichujio vilevile, hivyo kila kimoja hubebeshwa kazi zaidi, hutanuka, na baada ya miaka huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo hufuatana sana na unene, huongeza uharibifu huo. Mwenyewe hahisi maumivu yoyote.

Katika miaka hii ya karibuni, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imeanza kutoa tiba za kupunguza uzito, kuanzia puto linalowekwa tumboni hadi upasuaji wenyewe. Katika upasuaji, sehemu kubwa ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa, au chakula hupitishwa njia ya mkato kwenye utumbo. Je, figo zinanufaika? Huko Sweden, utafiti ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu 4,047 wenye unene uliokithiri, takriban nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji. Miaka mingi baadaye, waliofanyiwa upasuaji walionekana kupatwa na kushindwa kabisa kwa figo kwa uchache kuliko wenzao. Uzito ukishuka, mzigo wa vichujio hupungua, protini kwenye mkojo hupungua, na sukari na presha hutulia.

Lakini kichujio kilichokwisha kufa hakifufuki. Upasuaji hulinda kilichobaki, na hapo ndipo tunapoona wengi wanachelewa.

Tena upasuaji wenyewe una hatari zake kwa figo, na hatari hizo hazitajwi sana mitaani. Miezi ya mwanzo tumbo halipokei maji mengi kwa mara moja. Lazima mtu anywe kidogo kidogo kutwa nzima. Akitapika au akiharisha katika joto la Dumila bila kurudisha maji, figo zinaweza kusimama ghafla. Kwa hiyo aliyefanyiwa upasuaji amuulize daktari kabla ya kunuia saumu ya Ramadhani. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Wale ambao chakula chao kimepitishwa njia ya mkato hupata mawe ya figo kwa urahisi zaidi, na huenda wakaambiwa wapunguze hata mchicha na karanga. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa dukani bila swali, ni hatari kwao maradufu: kwa figo na kwa tumbo lililoshonwa. Dozi za dawa za presha na kisukari nazo hupangwa upya na daktari, wala si kwa kukisia.

Anayetaka kujua alipo agawanye kilo zake kwa urefu wake wa mita, kisha agawanye tena kwa urefu huohuo. Mama wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata 35, na kwa desturi hapo ndipo madaktari huanza kuzungumzia upasuaji. Kabla hajafika huko, aombe kupimwa presha, sukari, protini kwenye mkojo na kriatinini kwenye damu.

Dumila iko kati ya hospitali mbili zinazopandikiza figo: Muhimbili, iliyoanza mwaka 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyofuata mwaka 2018. Mgonjwa mnene kupita kiasi huweza kuambiwa apunguze uzito kwanza kabla ya kupandikizwa, hata kama ndugu yake amekwisha kukubali kumpa figo.