JICHO LA TUFANI: KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU

Watu wa Malindi, Watamu, Kilifi na Takaungu huzijua pepo zao tangu utotoni. Kaskazi huvuma na kuleta joto; masika huingia; kisha kusi hushika, mawimbi hupanda juu ya miamba, na wavuvi wenye ngalawa na mitumbwi hawatoki nje ya mwamba ila kwa hadhari. Lakini uko upepo mwingine usiokuwa na zamu yake katika pwani hiyo, nao ni tufani izungukayo, ambayo wengi siku hizi huiita kimbunga. Mwezi wa Mei, 2024, tufani mbili zilipita katika bahari ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo yafaa kueleza jambo moja katika habari za tufani ambalo watu hulitaja sana bali hawalifahamu vema, yaani jicho lake, na upana wa jicho hilo wakati tufani inapofika nchi kavu.

JICHO NI NINI?

Tufani huzaliwa juu ya bahari yenye joto la digrii 26 za sentigredi au zaidi. Hewa yenye joto na unyevu hupanda juu, na hewa nyingine hukimbilia kujaza mahali pake. Kwa sababu dunia yazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja, bali hupinda na kuzunguka. Kusini ya Ikweta huzunguka kama iendavyo mishale ya saa. Kaskazini huzunguka kinyume chake.

Tufani ikiisha kupata nguvu, hewa ya katikati hushuka badala ya kupanda. Mawingu hutoweka, na mahali pa mviringo hubaki shwari. Mchana jua laweza kuonekana, na usiku nyota. Hapo ndipo panapoitwa jicho. Pande zote limezungukwa na ukuta wa mawingu mazito, na ndani ya ukuta huo ndimo zilimo pepo kali kupita zote.

UPANA WAKE

Majicho mengi yana upana wa kilomita 30 hata 65, lakini yako madogo mno na yako makubwa ya ajabu. Mwezi wa Oktoba, 2005, tufani iliyoitwa Wilma ilikuwa na jicho la upana usiozidi kilomita 4 ilipokuwa katika bahari ya Karibi. Siku chache baadaye ilipofika Florida, Marekani, jicho lake lilikuwa limepanuka kupita kilomita 80. Na mwaka 1960 tufani Carmen, karibu na kisiwa cha Okinawa, ilionekana kuwa na jicho la kilomita 370 hivi, yaani kiasi cha mara tatu ya mwendo wa kutoka Mombasa mpaka Malindi.

Mtu asiyejua angedhani kwamba jicho kubwa ndilo lenye hatari kubwa. Sivyo. Wilma ilikuwa na nguvu nyingi zaidi jicho lake lilipokuwa dogo. Afungaye jiwe kwenye kamba na kulizungusha huona kwamba kamba ikifupishwa jiwe huenda mbio zaidi. Na upepo ukaribiapo katikati ya tufani hufanya vivyo hivyo. Tarehe 25 Desemba, 1974, tufani Tracy iliupiga mji wa Darwin, Australia. Ilikuwa tufani ndogo, na jicho lake lilikuwa la kilomita 12 hivi, lakini iliangusha sehemu kubwa ya nyumba za mji huo na kuua watu zaidi ya 60.

Linalotegemea upana wa jicho ni muda wa kimya. Tufani yenye jicho la kilomita 40, ikienda kilomita 20 kwa saa na kupita juu ya mji barabara, itauachia mji huo utulivu wa saa mbili. Jicho la kilomita 10 litaacha nusu saa tu. Baada ya hapo ukuta wa pili hufika, na upepo huvuma kutoka upande wa pili. Paa lililokwisha kulegezwa na upepo wa kwanza hung'olewa na wa pili, na chombo kilichokingwa upande mmoja hupigwa ubavuni. Katika mji wa Miami, mwezi wa Septemba, 1926, watu walitoka nje jicho lilipopita, wakidhani tufani imekwisha. Haukupita muda mrefu upepo ukarudi kwa nguvu, na wengi wakafa.

Tufani iingiapo barani hukosa maji ya moto yaliyokuwa chakula chake, na vilima, miti na majumba huuzuia upepo. Jicho hujaa mawingu na kupotea. Lakini mvua huendelea, na mafuriko yaweza kufika mbali sana.

UNGUJA NA PEMBA

Watu wa pwani hii wana mfano wao wenyewe. Tarehe 15 Aprili, 1872, katika enzi ya Seyyid Barghash, tufani iliipiga Unguja. Vyombo vilivyokuwa bandarini viliharibika, nyumba zilianguka, na sehemu kubwa ya mikarafuu iling'olewa. Lakini Pemba, iliyo umbali wa kilomita 50 tu, haikuharibiwa sana. Tangu hapo Pemba ikawa mbele katika kilimo cha karafuu. Ndivyo tufani ilivyo: mkulima mmoja hupoteza kazi ya miaka mingi, na mwenziwe ng'ambo ya mlango wa bahari akaendelea kuvuna.

HALI YA MALINDI NA KILIFI

Malindi na Kilifi ziko kati ya digrii 3 na 4 kusini ya Ikweta. Karibu na Ikweta nguvu ile ya kuupinda upepo ni ndogo mno, na tufani kwa kawaida hazizaliwi kati ya digrii 5 za kusini na 5 za kaskazini. Hiyo ndiyo kinga ya pwani ya Kenya. Lakini kinga hiyo si ukuta wa mawe. Mwezi wa Desemba, 2001, tufani Vamei ilitokea karibu na Singapore, digrii moja na nusu tu kutoka Ikweta.

Tena si lazima jicho lifike ndipo madhara yafike. Tufani Hidaya ilipokaribia kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, 2024, ilikuwa imekwisha kupungua nguvu. Baadaye mwezi uo huo tufani Ialy ilipanda kaskazini kuelekea Ikweta, na kiini chake kikabaki baharini. Hata hivyo pindo za tufani hizo zilileta upepo mkali na mawimbi makubwa katika pwani ya Kenya. Ngalawa haihitaji jicho la tufani ili izame. Wimbi moja latosha.

Basi mvuvi wa Ngomeni au Mambrui asikiapo onyo la Idara ya Hali ya Hewa, asiulize kama jicho litapita juu ya kijiji chake. Na apandishe chombo chake juu kupita mstari wa maji makuu, akifunge pande zote mbili, asitoke nje ya mwamba. Mkulima wa kando ya Mto Sabaki na ahamishe mahindi na mbuzi wake mapema, kwani mvua ya tufani huweza kuujaza mto huo. Mwenye nyumba ya makuti na akaze kamba za paa. Na popote atakapokuwa mtu, upepo mkali ukikoma ghafula, naye hajasikia kwamba tufani imepita, asitoke ndani. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.