Kilomita 300 kwa Kaskazi: Hesabu ya Baiskeli kutoka Malindi hadi Tanga

Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji, na tarehe 20 Mei akawa amefika Kalikuti, pwani ya India. Siku 26. Kurudi hakungoja pepo zigeuke sawasawa. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, na ndipo tarehe 7 Januari 1499 alipoiona tena Malindi, baada ya miezi mitatu baharini na mabaharia wengi wamekufa kwa kiseyeye. Bahari ilikuwa ile ile na vyombo vile vile. Upepo ndio uliokuwa mwingine.

Nguzo yake ingali juu ya mwamba pale Malindi, na watoto wa shule hupelekwa kuitazama. Mimi naikumbuka kila nikisikia vijana wetu wakipanga safari ndefu ya baiskeli, kwa sababu mazungumzo yao huanza na kuishia kwenye baiskeli yenyewe: ya aina gani, kilo ngapi, giya ngapi, bei gani. Ni swali la haki, ila ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote katika hesabu hii. Safari ya baiskeli hulipiwa kwa siku, hailipiwi kwa kilomita. Anayetaka kujua itamgharimu kiasi gani na ajue kwanza itamchukua siku ngapi.

Chukua njia ambayo mtu wa Malindi anaweza kuianza mlangoni kwake: Malindi hadi Tanga. Malindi mpaka Kilifi ni karibu kilomita 60, ukipita Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, halafu daraja la Kilifi. Kilifi mpaka Mombasa ni karibu 60 nyingine, kupitia mashamba ya mkonge ya Vipingo na daraja la Mtwapa. Ukivuka kwa feri ya Likoni, Msambweni iko kama kilomita 55 mbele, na Lungalunga mpakani kama 50 zaidi. Horohoro mpaka Tanga mjini ni 65. Jumla ni 290, na ukiongeza mizunguko ya mijini weka 300. Karibu yote ni lami, na milima hakuna, isipokuwa miteremko ya kushukia kwenye hori na kupanda tena.

Mpanda baiskeli wa kawaida, mwenye kilo 70, juu ya baiskeli ya kilo 15 na mizigo ya kilo 15, huenda kilomita 15 kwa saa barabara ikiwa tambarare na upepo umetulia. Hapo miguu yake inatoa kama wati 50 tu, nguvu ambayo mtu mzima mwenye afya anaweza kuitoa asubuhi nzima bila kuchoka sana. Zaidi kidogo ya nusu huliwa na msuguano wa tairi na lami, na iliyobaki huliwa na hewa. Kwa mwendo huo kilomita 300 ni saa 20 za kukanyaga. Kwa saa nne kila siku, ni siku tano.

Sasa mletee upepo wa mbele wa kilomita 15 kwa saa, ambao kwa mvuvi wa Mambrui ni upepo wa kawaida kabisa. Mwendo wake juu ya lami haujabadilika, lakini kasi ya hewa inayompiga kifuani imekuwa maradufu, na ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo. Kwa hiyo mzigo wa hewa unakuwa mara nne. Akitaka kubaki kwenye kilomita 15, lazima atoe zaidi ya wati 110. Akibaki na wati zake 50, mwendo unashuka mpaka kilomita 9 kwa saa, na zile saa 20 zinakuwa 33. Amepoteza saa 13, yaani siku tatu na robo, na hajapata pancha hata moja.

Linganisha na kile tunachobishania. Tuseme umetafuta baiskeli nyepesi na kupunguza kilo tano nzima, jambo ambalo dukani ni ghali mno. Katika njia tambarare kilo tano kati ya mia zinapunguza kazi ya miguu kwa asilimia 3 hivi, na kutoka Malindi hadi Tanga zitakuokolea chini ya nusu saa. Upepo ni saa 13, baiskeli ya fahari ni nusu saa. Wauza madafu wa Kilifi wamelijua hili siku zote. Dafu moja laweza kufika kilo moja na nusu, na mwenye kufunga arobaini kwenye karia amebeba kilo 60 nyuma yake, kwa baiskeli ya chuma isiyo na giya hata moja, na anafika sokoni. Kilo 15 za begi lako hazimtishi mtu.

Kitu kidogo kinachostahili pesa ni pampu. Tairi likilegea, msuguano na lami unapanda kwa urahisi kwa asilimia 40, na mwendo wa kilomita 15 unashuka hadi 13. Kwa kilomita 300 hizo ni saa tatu. Pampu nzuri pamoja na viraka na solusheni inakupa saa tatu ambazo fremu ya bei kubwa haiwezi kukupa. Minya tairi kila asubuhi kabla ya chai.

Kwa hiyo lini? Kutoka Malindi kwenda Tanga unashuka kusini kuelekea magharibi kidogo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba mpaka Machi, na hukusukuma mgongoni. Kusi hushika kuanzia Aprili, likapata nguvu Juni mpaka Agosti, na hilo litakukabili uso kwa uso. Mwenye likizo ya Agosti pekee asivunjike moyo. Aigeuze safari: apande basi na baiskeli yake mpaka Tanga, kisha arudi Malindi akiendesha. Manahodha wa majahazi walipanga mwaka wao wote hivyo hivyo, kwenda kwa pepo moja na kurudi kwa nyingine, na barabara ya pwani inafuata bahari hatua kwa hatua. Ndani ya kaskazi, mimi ningechagua nusu ya pili ya Januari na mwanzo wa Februari. Vuli imekwisha, masika hayajaanza, na bei za Krismasi zimeshuka Watamu na Diani. Tazama pia kalenda ya Hijria. Ramadhani huja mapema zaidi kwa kama siku 11 kila mwaka na sasa inaangukia Februari na Machi. Mchana mikahawa mingi ya miji yetu hufungwa, na kumtaka mtu aliyefunga akanyage kilomita 60 juani ni kumwonea.

Kaskazi lina bei yake, nayo ni joto. Ni msimu wa nyuzi 32 na zaidi. Ndiyo sababu nimesema saa nne kwa siku, si nane: unatoka saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa nne na nusu uwe kivulini, umekula na kupumzika humo humo njiani. Maji weka robo tatu ya lita kwa kila saa ya kukanyaga, lita tatu asubuhi, na nyingine tatu mpaka usiku. Hapa watu wetu hukosea jambo moja. Dafu ni zuri na lina potasiamu nyingi, lakini lina sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu. Mtu anayekunywa madafu na maji matupu siku nzima juani anaweza kuumwa kichwa na kukakamaa misuli huku tumbo limejaa maji. Tia chumvi kidogo kwenye chupa, au kula mihogo ya chumvi na achari mchana. Chakula chenyewe si tatizo: saa nne za wati 50 zinahitaji kama kalori 750 juu ya mlo wa kawaida, sawa na chapati tatu hivi. Mahamri na mbaazi za nazi alfajiri, wali na samaki mchana, na umelipa deni.

Sasa pesa. Nitaweka bei za makadirio kwa shilingi za Kenya. Wewe weka za kwako, mpangilio utabaki ule ule. Siku tano za kuendesha, moja ya kupumzika Mombasa na moja ya akiba, hizo ni siku saba na usiku sita. Gesti shilingi 1,200 kwa usiku ni 7,200. Chakula 700 kwa siku ni 4,900. Maji na madafu 200 kwa siku ni 1,400. Mpaka hapo ni 13,500. Vifaa vinavyonunuliwa mara moja: pampu na viraka 900, tyubu mbili 800, spoki, kebo na raba za breki 800, taa na kizibao cha kuakisi mwanga 1,500, jumla 4,000. Basi la kurudi na baiskeli ndani ya buti, tuseme 2,500. Yote ni shilingi 20,000, kama 67 kwa kilomita. Baiskeli na kofia ngumu nimeziacha nje kwa sababu zinabaki na mwenyewe.

Zaidi ya theluthi mbili ya pesa hizo zimefuata siku. Kila siku inayoongezeka ni shilingi 2,100. Anayeondoka wakati wa kusi na kung'ang'ania kwenda kusini ataongeza siku tatu au nne, na bajeti yake itapanda kwa 6,300 mpaka 8,400. Pesa hizo zimekwenda na upepo.

Na mwenye kutaka kupunguza, atafute mwenzake. Wawili wakilala chumba kimoja, kila mmoja analipa 3,600 badala ya 7,200. Wakichangia pampu, viraka na vipuri, kila mmoja anaokoa 850 tena. Ile 20,000 inakuwa 15,550, au shilingi 52 kwa kilomita. Hakuna kifaa dukani kinachopunguza karibu robo ya gharama kama rafiki anavyopunguza, na njiani mmoja hubaki na baiskeli mwenziwe akienda kutafuta fundi.

Kuhusu fundi, upande huu ile baiskeli ya kazi ya gurudumu la inchi 28 ina faida ambayo za kisasa hazina. Tairi, tyubu na spoki zake ziko karibu kila soko kuanzia Malindi hadi Tanga. Ukienda na saizi ngeni, beba tairi la akiba. Likichanika Msambweni, kulingoja kutoka Mombasa ni siku moja, na bei ya siku umeshaijua.

Barabara nayo ina hatari ambayo sitaki kuipunguza kwa maneno. Njia ya Mombasa, Mtwapa, Kwa Kadzengo mpaka Kilifi imekuwa kwenye ujenzi wa upanuzi, na kwenye ujenzi bega la barabara hupotea ghafla. Kilifi mpaka Malindi ni njia mbili tu, na matatu hupitana zikikimbia. Usiendeshe usiku hata kilomita tano. Hizo 1,500 za taa na kizibao ndizo za mwisho kukatwa kwenye bajeti hii, na kwenye daraja la Kilifi teremka, sukuma, tazama hori.

Mpakani mambo ni mepesi kwa aliyejiandaa. Kituo cha Lungalunga na Horohoro ni cha pamoja, unashughulikiwa mara moja. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hutakiwa siku 10 kabla ya safari ili ihesabiwe, kwa hiyo usiiache mpaka wiki ya mwisho.

Unayekusudia kuondoka Januari, fanya jaribio mwezi wa Novemba, wakati wa tanga mbili, ambapo upepo haujaamua upande. Funga mizigo yote, jaza maji lita tatu, toka Malindi mpaka Gede na kurudi, kilomita 32 hivi, na uandike muda wako. Ukitumia saa mbili na dakika kumi, siku tano zinakutosha. Ukifika saa mbili na nusu, ongeza siku ya sita na shilingi 2,100 kabla hujafunga begi.