Bibi Peplau na Heshima ya Mgonjwa wa Akili

Mtu akivunjika mguu, jamaa humkusanyikia na kumpa pole. Akiugua akili, wengi humkimbia, na wengine humcheka. Kwa hiyo twaona yatupasa kumkumbuka mwuguzi mmoja ambaye hakukimbia wala hakucheka.

Huyu ni marehemu Bibi Hildegard Peplau, aliyezaliwa mwaka 1909 katika mji wa Reading, Pennsylvania, huko Marekani. Alihitimu uuguzi mwaka 1931, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika Uingereza katika hospitali ya jeshi, akiwauguza askari waliojeruhiwa nafsi kwa mambo ya vita.

Zamani hizo, katika hospitali nyingi za wagonjwa wa akili, kazi ya mwuguzi ilikuwa kulinda mlango, kulisha na kuosha. Bibi Peplau alifundisha ya kwamba mazungumzo yenyewe ni uuguzi. Mwuguzi na mgonjwa hukutana kwanza kama wageni. Basi mgonjwa na apewe adabu ile ile apewayo mgeni yeyote. Baadaye mwuguzi huwa mwalimu wake na mshauri wake, hata siku ile mgonjwa atakapoweza kujitegemea nao wakaagana.

Mawazo hayo aliyaandika kitabuni. Mswada ulikuwa tayari mwaka 1948, lakini haukupigwa chapa mpaka 1952, kwa kuwa ilionekana ni ujasiri kupita kiasi mwuguzi kutoa kitabu pasipo daktari kuwa mwandishi mwenziwe. Kilipotoka, kilikuwa na jina lake peke yake.

Tangu 1954 hata 1974 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Rutgers, akaanzisha huko masomo ya juu ya kuwafanya wauguzi mabingwa wa magonjwa ya akili. Wanafunzi wake walizungumza na wagonjwa, wakaandika neno kwa neno yaliyosemwa na pande zote mbili, kisha wakayapima pamoja na mwalimu wao. Hivyo mwuguzi alijifunza kuyachungua maneno yake mwenyewe kabla ya kumlaumu mgonjwa. Bibi Peplau alifariki mwaka 1999.

Si sote tulio wauguzi, lakini hakuna ukoo usioweza kufikwa na maradhi haya. Hujafa hujaumbika, walisema wazee. Mgonjwa wa namna hii asifungwe kamba uani, wala watoto wasiachwe wamzomee njiani. Apelekwe hospitali mapema, na arudipo nyumbani apokewe kama mtu. Hilo halihitaji elimu ya chuo kikuu. Laanza kwa kumwamkia.