Kabla ya kumleta kasuku nyumbani, jiulize maswali haya

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si mgeni katika ukanda huu. Makazi yake ya asili yanapita katika misitu ya bonde la Kongo hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Anasifika duniani kote kwa kuiga sauti ya binadamu, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwa anayetamani kumfuga, swali la kwanza ni umri. Akitunzwa vizuri, ndege huyu anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Mtu wa miaka 35 akimchukua leo, huenda ndege akamzika mwenye nyumba. Je, nani katika familia yuko tayari kumrithi?

La pili ni muda. Porini, kasuku hulala kwa makundi makubwa na huwa na mwenzi mmoja. Akifungiwa peke yake tangu asubuhi mpaka mwenyewe atoke kazini, upweke humsumbua. Hupiga kelele, huuma, na wengine hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu. Kwa aliye kwenye nyumba ya kupanga, kelele za alfajiri na jioni zitawafikia majirani kabla yeye hajazizoea.

Nchini Marekani, mwanasayansi Irene Pepperberg alifanya utafiti kwa takriban miaka 30 na kasuku wa aina hii aliyeitwa Alex. Hadi alipokufa mwaka 2007, Alex alikuwa amejifunza maneno zaidi ya 100 na aliweza kutaja rangi na maumbo ya vitu. Kiumbe mwenye akili ya namna hiyo hawezi kuwa pambo la sebuleni.

La tatu ni matunzo. Mbegu za alizeti na karanga peke yake hazimtoshi. Anahitaji pia matunda na mboga. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Hata moshi wa kikaango cha kisasa kisichoshika chakula, kikipata moto kupita kiasi, unaweza kumuua kwa dakika chache. Akiugua, si kila daktari aliyezoea ng'ombe na kuku ataweza kumtibu.

Swali la nne ndilo zito zaidi: ametoka wapi? Wategaji hupaka gundi kwenye matawi au huchukua makinda katika mashimo ya miti. Wengi hufa njiani, wakiwa wamebanana kwenye makasha. Anayenunua mmoja aliyepona ndiye anayempa mtegaji sababu ya kurudi msituni.

Mwaka 2016, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimweka kasuku huyu katika daraja la juu la ulinzi, na biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini ikapigwa marufuku. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini urahisi wa kupitisha bidhaa mipakani haumhusu kasuku. Kumvusha kutoka Goma kwenda Gisenyi, au kumpitisha Busia, bila kibali ni kosa.

Ndani ya nchi pia, sheria za wanyamapori zina masharti yake. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza KWS nchini Kenya, TAWA nchini Tanzania au UWA nchini Uganda, na umdai muuzaji nyaraka. Akianza kujiumauma, ondoka.

Na aliyekwisha kumfuga asimfungulie mlango kwa huruma. Kasuku aliyezoea kulishwa hajui kujitafutia wala kumkwepa mwewe. Aende kwa mamlaka hizo kuuliza la kufanya.

Kwa wengi wetu, jibu la maswali haya manne litakuwa hapana. Anayependa kasuku bado anaweza kwenda kuwatazama wakiruka kwa hiari yao, katika misitu ya Uganda, bila tundu wala kibali cha kuwafuga.