Marudio na Utatanishi katika Msimbo wa Programu: Mfano wa Duka Moja la Kariakoo

Mtu aliyezoea kulinganisha nakala za tenzi ajua taabu iliyopo pale nakala mbili za kazi moja zinapotofautiana kwa neno moja tu. Hawezi kuamua mara moja kama mwandishi wa nakala alikosea, au kama alirekebisha kosa la mwenziwe, au kama neno lile lina maana nyingine kwa watu wa mji mwingine. Asomaye msimbo wa programu za tovuti hukutana na taabu hiyo hiyo kila siku, ila kwake nakala zote mbili ziko hai na zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi marudio na utatanishi wa msimbo unavyotafutwa na kurekebishwa, kwa kutumia programu moja niliyopata kuisoma kwa kirefu. Nadhani wataalamu wa lugha wanayo haki ya kuisikia habari hii, kwa kuwa shida iliyomo ndani yake, ukiitazama vizuri, ni shida ya maana ya maneno kabla ya kuwa shida ya mashine.

Programu yenyewe ilikuwa ya duka la khanga za jumla katika Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. (Kariakoo, kama ijulikanavyo, ni jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, midomo ya watu ililifumua jina lile la kigeni na kulishona upya hata likawa letu.) Programu iliandikwa mwaka 2006, sehemu yake moja kwa lugha ya PHP iliyokaa katika seva, na sehemu nyingine kwa JavaScript iliyofanya kazi katika kivinjari cha karani. Ilikuwa na ukurasa wa kupokea mzigo, ukurasa wa kuuza, ukurasa wa risiti, na ukurasa wa hesabu ya ghala. Kila ukurasa mpya ulizaliwa kwa kunakili ule uliotangulia na kubadili mistari michache. Wala simlaumu aliyefanya hivyo: duka halikungoja, na nakala iliyofanya kazi jana ndiyo amana ya haraka kuliko zote.

Katika duka lile korija ilihesabiwa kuwa doti 20. Na kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa Tanzania Bara tarehe 1 Julai 1998, ilikuwa asilimia 20. Basi tarakimu 20 ilitapakaa katika kurasa zote, mahali pengine ikiwa kodi, mahali pengine ikiwa korija, na hapakuwa na neno lolote kando yake la kumwambia msomaji ni ipi. Mwezi wa Julai 2009 kodi ilishushwa kuwa asilimia 18. Fundi aliyekuwapo, ambaye siye aliyeiandika programu, aliiamuru mashine itafute kila 20 na kuweka 18. Kazi ilichukua dakika moja. Risiti zilitoka sawasawa, na mwenye duka akaridhika.

Lakini tangu siku ile, katika ukurasa wa kuuza, korija ilikuwa na doti 18. Bei ya korija iliandikwa na karani kwa mkono baada ya mapatano na mteja, kwa hiyo fedha za sanduku hazikuonyesha kasoro yoyote. Ukurasa wa kupokea mzigo, kwa upande wake, haukuguswa: mwandishi wa kwanza alihesabu pale kwa vipande wala si kwa doti, na kwa kuwa kila doti ni vipande viwili, aliandika korija kuwa 40. Basi mzigo uliingia katika vitabu kwa hesabu ya kweli, ukatoka kwa hesabu pungufu. Zikiuzwa korija 10, ghalani ziliondoka doti 200, na programu ikaandika 180. Mwisho wa mwezi vitabu vilidai kwamba ghalani pana doti nyingi ambazo macho hayakuziona. Kijana aliyetunza ghala akaulizwa zimekwenda wapi. Hakuwa na jibu, na asingeweza kuwa nalo. Akasimamishwa kazi kwa tuhuma ya wizi.

Niliitwa mwanzoni mwa mwaka 2010, si kwa ajili ya kijana bali kwa kuwa upungufu uliendelea hata baada ya yeye kuondoka.

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapokuwa na la kusema. Tuna neno *paa*, ambalo laweza kuwa la nyumba, laweza kuwa mnyama, na laweza kuwa kitendo cha kwenda juu. Umbo ni moja, maana ni mbalimbali. Tunayo pia maneno mawili yenye maumbo yasiyofanana hata kidogo ambayo maana yake ni ile ile. Aina zote mbili zilikuwamo katika programu ile: 20 ya kodi na 20 ya korija zilikuwa kama *paa* na *paa*, na 20 ya kuuza na 40 ya kupokea zilikuwa visawe. Fundi aliyebadili tarakimu alifuata umbo. Aliunganisha yasiyohusiana na kuyaacha mbali yaliyo ndugu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wafundishao kwamba marudio ni mistari inayofanana. Yapasa tuulize swali jingine: jambo fulani la nje likibadilika, ni mistari ipi ambayo lazima ibadilike pamoja? Serikali ikibadili kodi, ni hii. Wafanyabiashara wakibadili kipimo cha korija, ni ile. Mistari inayojibu jambo moja ni marudio hata kama haifanani; isiyojibu jambo moja si marudio hata kama inafanana herufi kwa herufi.

Hata hivyo vyombo vya kutafutia vina faida kubwa, na mtu asivikatae. Katika miaka ya 1990 Brenda Baker, akiwa katika maabara za Bell huko Marekani, alionyesha njia ya kutafuta sehemu za msimbo zinazofanana kila kitu isipokuwa majina ya vigezo, kwa maana wanakili wengi hubadili majina na kuacha muundo. Vyombo vya leo huufuata mwendo huo: huukata msimbo katika vipashio vidogo, kama tukatavyo sentensi katika maneno, kisha hutafuta mifululizo mirefu inayojirudia. Nilipokitumia chombo cha namna hiyo kiliniambia kwamba ukurasa wa kuuza na ukurasa wa risiti ni ndugu wa tumbo moja, na kilisema kweli. Hakikuniambia lolote kuhusu 40. Tena hakikuona kwamba hesabu ya kodi iliyokuwa katika PHP ilikuwa pia katika JavaScript, kwani lugha hizo mbili zilisomwa mbalimbali. Katika programu za tovuti marudio ya namna hii ni ya kawaida mno: kivinjari huhesabu ili karani aone jumla papo hapo, na seva huhesabu tena kwa kuwa haiwezi kukiamini kivinjari. Dukani pale kivinjari kilikadiria shilingi nzima kwa kila bidhaa, na seva ilikadiria kwa jumla ya mwisho. Makarani walikwisha kuzoea tofauti ya shilingi moja au mbili na kuiita desturi ya mashine.

Utatanishi ni jambo jingine, ingawa hukaa nyumba moja na marudio. Mwaka 1976 Thomas McCabe alitoa kipimo chake kinachojulikana sana: hesabu mahali pote ambapo njia ya programu hugawanyika, ongeza moja, na ukipita 10 fikiria kuigawa sehemu hiyo. Kipimo hiki ni chepesi, na kwa wepesi wake kina upofu. Orodha ndefu ya masharti yaliyopangwa moja baada ya jingine hupata alama kubwa, na bado mtoto aweza kuisoma. Masharti manne yaliyoingiliana, moja ndani ya jingine, hupata alama ndogo na humshinda mtu mzima.

Nilikiona kisa hicho mwaka 2013, duka lilipotaka kupokea malipo kwa simu. Mtu aliandika sehemu ya kutambua mtandao wa mteja kwa tarakimu za mwanzo za namba: 071 ni Tigo, 075 ni Vodacom, 078 ni Airtel, na kadhalika. Ndani ya kila sharti aliuliza tena kama namba imeandikwa kwa 0, au kwa 255, au kwa alama ya kujumlisha mbele yake. Na sehemu nzima ilinakiliwa katika kurasa tatu. Dawa ilikuwa rahisi. Kwanza namba zote zigeuzwe kuwa na umbo moja, mara moja tu, mlangoni. Kisha masharti yote yawe jedwali, tarakimu upande mmoja na mtandao upande wa pili. Njia zilizogawanyika zilibaki tatu.

Nitakiri kwamba jedwali lile lilikuwa safi, tena lilikuja kuwa la uongo. Tarehe 1 Machi 2017 watu wa Tanzania waliruhusiwa kuhama mtandao bila kubadili namba, na tangu hapo 075 haikuthibitisha tena kwamba mteja yuko Vodacom. Usafi wa msimbo hauondoi kosa la dhana iliyomo. Ulichosaidia ni kwamba dhana ilikuwa mahali pamoja, ikionekana: tuliliondoa jedwali na kumwuliza mteja achague mwenyewe. Na mwezi wa Novemba 2024, Tigo ilipobadili jina na kuitwa Yas, ulibadilishwa mstari mmoja.

Sasa nieleze kazi ya kurekebisha ilivyofanywa mwaka 2010. Kazi hii ilifanyiwa utafiti na William Opdyke katika tasnifu yake ya mwaka 1992, na kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999 kiliieneza duniani: kubadili muundo wa ndani wa programu bila kubadili yale yaonekanayo kwa nje. Kwa Kiswahili baadhi ya watu husema *kuunda upya*, nami sipendi, kwani aundaye upya aweza kuunda kitu kingine kabisa. Mafundi cherehani wa Kariakoo wanalo neno bora. Kanzu ikiwa imeshonwa vibaya, *hufumuliwa* na kushonwa tena kwa mwili ule ule wa mwenyewe. Katika *fumua* kuna kiambishi cha kutendua tunachokiona pia katika *fungua* na *choma, chomoa*. Nacho hudokeza kwamba kitu hakivunjwi, bali hurudishwa nyuma kwa njia ile ile kilikopitia. Naleta pendekezo kwamba kazi hii iitwe *ufumuaji*.

Asiyekuwa na kipimo cha mwili asifumue kanzu ya mtu. Kabla ya kugusa mstari wowote tulihitaji kumbukumbu ya yale ambayo programu ilipaswa kutoa, na kwa vitabu vya kompyuta hatukuweza kuipata, maana ndivyo vilivyoharibika. Tuliipata mahali tusipopatarajia. Yule kijana wa ghala alikuwa na daftari la karatasi aliloandika kila mzigo ulioingia na kila korija iliyotoka, kwa doti, tangu mwanzo wa 2009. Tulichukua miezi miwili kabla ya Julai na miwili baada yake, tukaiingiza mistari yake katika programu, na kulinganisha. Hadi Juni daftari na mashine vilikubaliana. Tangu Julai vilitofautiana kwa doti mbili katika kila korija, wala si zaidi wala si pungufu. Mwenye duka aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu bila kusema neno. Kesho yake alimpeleka mtu Manzese kumwita kijana.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ilikuwa ya uvumilivu. Tulizipa namba majina, hatua kwa hatua, tukirudia mtihani wa daftari baada ya kila hatua: kiwango cha kodi mahali pamoja, doti za korija mahali pamoja. Ukurasa wa wateja wa jumla na ule wa rejareja, ambao chombo kiliushuku kwa kufanana, tuliuacha ulivyo, kwa kuwa masharti ya mikopo ya wateja wa jumla yalibadilika kila msimu na yale mengine hayakubadilika kamwe.

Liko jambo moja dogo litakalowafurahisha wasomaji wa jarida hili. Marudio mengi zaidi katika programu ile hayakuwa ya hesabu, yalikuwa ya upatanisho wa kisarufi. Ili kusema *mteja 1 amelipa* na *wateja 3 wamelipa*, *korija 1 imetoka* na *korija 3 zimetoka*, *kifurushi 1 kimefika* na *vifurushi 3 vimefika*, mwandishi alinakili sehemu nzima ya ujumbe kwa kila nomino. Zana nyingi za kutafsiri programu huuliza swali moja tu, kama kitu ni kimoja au ni vingi, nazo hazijui lolote kuhusu ngeli. Tuliweka jedwali la nomino pamoja na ngeli zake, na sehemu moja ya kuchagua kiambishi cha kitenzi. Nakala kumi na moja zikawa moja, na nomino mpya ikija, karani huiandika ngeli yake mwenyewe bila kumwita fundi.

Mstari wenye 40 katika ukurasa wa kupokea mzigo haukufutwa. Sasa umeandikwa: doti za korija, mara vipande vya doti.