PAMPU YA KUTOLEA OILI: IPI IFAAYO KWA INJINI YA MASHUA NA YA KINU?

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina ufuko wa ziwa, wala hakuna mashua ipitayo katika vilima vyake. Hata hivyo, chombo kimoja kitumiwacho sana na watu wa mashua chaweza kuwafaa watu wa vilimani pia, hasa wenye vinu vya kusagia mahindi. Chombo hicho ni pampu ya kutolea oili chafu katika injini. Madukani huuzwa pampu za namna nyingi, na mtu asiyejua tofauti zake aweza kutoa fedha nyingi akarudi nyumbani na kitu kisichomfaa.

Shida ya watu wa mashua

Gari likitaka kubadilishwa oili, fundi huingia chini yake, huweka karai, hufungua nati, na oili yote hushuka yenyewe. Katika mashua iliyofungwa injini ya dizeli ndani yake, kazi hiyo ni ngumu. Injini imekaa chini kabisa tumboni mwa chombo, hata karai halipati pa kuingia, wala mkono haufiki penye nati. Nati ikifunguliwa kwa nguvu, oili humwagika ndani ya mashua na kuchanganyika na maji yaliyovujia humo. Na maji hayo yakitekwa na kutupwa nje, ziwa huchafuka.

Ndiyo sababu mabaharia huitoa oili kwa juu. Mrija mwembamba huingizwa katika tundu la kijiti cha kupimia oili mpaka ufike chini, kisha pampu huvuta. Injini nyingine za mashua hutoka kiwandani zikiwa na pampu ndogo ya mkono iliyofungwa ubavuni.

Lakini si kila mashua inayohitaji chombo hiki. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria hutumia injini ndogo za kufungwa nyuma ya mashua, na nyingi katika hizo huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Oili hiyo huungua pamoja na petroli, basi hakuna oili ya injini ya kutolewa. Mwenye injini ya namna hiyo akinunua pampu ya oili, amenunua pambo.

Shida hiyo hiyo katika kinu

Injini ya dizeli ya kinu cha kijijini hufungwa kwa bolti juu ya saruji, isitikisike. Mara nyingi nati ya kumwagia oili huwa karibu sana na sakafu, au upande wa ukutani. Mwenye kinu huona taabu, akasema, "Nitabadilisha wiki ijayo." Wiki ijayo wateja ni wengi, na kazi huahirishwa tena.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Oili inayozunguka ndani ya injini hukusanya masizi, asidi na chembe za chuma, na nguvu yake ya kulainisha hupungua. Injini nyingi ndogo za dizeli hutaka oili mpya kila baada ya saa 100 hadi 250 za kazi, ingawa kitabu cha injini yenyewe ndicho cha kufuatwa. Kinu kifanyacho kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hutimiza saa 100 kwa muda wa wiki mbili na siku moja tu. Asiyeandika saa hizo katika daftari hawezi kujua amechelewa kiasi gani, mpaka siku injini itakapokwama, na mama aliyeleta debe lake la mahindi atakapolazimika kulibeba hadi kinu cha mbali.

Mwenye pikipiki hana haja ya pampu, kwa maana nati ya pikipiki iko wazi chini na karai huingia bila taabu.

Aina tatu za pampu

Aina ya kwanza ni pampu ya mkono ya kusukuma na kuvuta, mfano wa pampu ya baiskeli, lakini yenye mirija miwili: mmoja wa kuvuta na mmoja wa kutolea. Bei yake ni nafuu, nayo hutengenezeka kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba mtu hana budi kuvuta mpaka oili iishe, na mrija wa kutolea ukiponyoka, oili humrukia mwilini.

Aina ya pili ni pampu ya mtungi. Mtungi wake umezibwa barabara, na juu yake pana mpini. Mtu husukuma mpini mara kadhaa ili kuondoa hewa iliyomo ndani, kisha huacha. Hewa ya nje huikandamiza oili iliyo katika injini, nayo hupanda katika mrija na kuingia mtungini yenyewe. Oili hutoka katika injini na kukaa mtungini pasipo kumwagika hata tone.

Aina ya tatu ni pampu ya umeme wa betri ya volti 12. Hiyo ni nyepesi kwa mkono na hufaa injini kubwa. Lakini injini nyingi za vinu huwashwa kwa kuzungushwa mpini, wala hazina betri. Tena baadhi ya pampu za umeme zimetengenezwa kwa ajili ya maji tu. Mpira uliomo ndani yake huvimba na kuharibika ukikutana na oili. Mnunuzi na aulize waziwazi kama pampu ni ya oili ya injini. Na asiitumie kamwe kuvutia petroli, kwa maana cheche moja ya umeme yatosha kuwasha moto.

Kwa kinu cha kawaida, na kwa mashua ndogo yenye injini ndani, aina ya pili ndiyo ifaayo zaidi. Asiyeweza kuinunua atafanikiwa kwa ile ya kwanza, akiwa na subira.

Mambo ya kupima kabla ya kununua

La kwanza ni unene wa mrija. Yafaa kwenda dukani na kijiti cha kupimia oili, au kipimo cha tundu lake. Mrija usioingia katika tundu hauna kazi, na ulio mwembamba mno hufanya oili itoke polepole sana.

La pili ni urefu. Mrija na ufike chini kabisa ya injini, pasipo kujikunja.

La tatu ni ukubwa wa mtungi. Injini ikichukua lita 5, mtungi wa lita 4 utajaa kabla ya kazi kwisha. Afadhali mtungi uzidi kidogo, tena uwe na alama za lita.

La nne ni joto. Oili hutolewa ikiwa na uvuguvugu, basi mrija na mtungi viwe vya namna isiyolainika kwa joto hilo.

Namna ya kufanya kazi

Injini huendeshwa dakika 10 hivi, kisha huzimwa. Oili iliyopata moto kidogo ni nyepesi, nayo hubeba takataka pamoja nayo. Lakini isiwe ya kuunguza. Kifuniko cha kujazia oili hulegezwa ili hewa iingie. Ncha ya mrija ikikatwa mshazari, haitajiziba kwa kugandamana na chuma cha chini. Oili ikikoma kutoka, mrija husogezwa kidogo huku na huku, kwa kuwa huenda imebaki pembeni.

Kisha oili iliyotoka hupimwa. Kama injini huchukua lita 5 na zimetoka lita 3 tu, ama nyingine imebaki ndani, ama injini inakula oili, na fundi aitwe. Chujio nalo hubadilishwa au kusafishwa kama kitabu kisemavyo, ndipo oili mpya hutiwa mpaka alama ya juu ya kijiti, isizidi.

Oili chafu ipelekwe wapi?

Kazi haikwishi mpaka oili chafu imepata mahali pake. Oili iliyotumika ni sumu kwa maji na udongo, nayo hudhuru ngozi ya mtu aishikaye mara kwa mara. Mikono na ivikwe glavu, kisha ioshwe kwa sabuni. Oili itiwe katika debe lenye kifuniko, lisilowahi kutumiwa wala lisilokusudiwa kutumiwa kwa chakula, kisha ipelekwe kwa watu wanaokusanya oili iliyotumika. Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 juu ya usimamizi wa mazingira inakataza kuchafua maji.

Mto Gucha huanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hupita Kisii, na huko chini huitwa Kuja kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Kinachotupwa mfereji wa nyuma ya kinu wakati wa mvua hushuka na maji hayo, kikapita penye ng'ombe wanywao na mitungi itekwayo, hata kikafika kwa samaki wanaorudishwa kuuzwa katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Mwenye kinu wa vilimani na mwenye mashua wa ziwani hutumia maji mamoja. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na oili iliyomwagika mtoni haizoleki kabisa. Pampu njema ni ile inayoitoa oili yote katika injini na kuiacha yote ndani ya mtungi.