Tetesi za Madereva: Hisa Hupanda kwa Uvumi, Hushuka kwa Hesabu

Kila mwaka, baada ya mbio za mwisho za magari ya Formula One kumalizika mwezi Desemba na kabla ya nyingine kuanza mwezi Machi, ipo biashara moja isiyofunga milango. Ni biashara ya tetesi. Nani anahama, nani ameachwa, nani ametia saini kwa siri. Kwa mashabiki hayo ni mazungumzo ya barazani, lakini kwa mwenye hisa ni fedha, kwani baadhi ya timu hizo zina uhusiano na kampuni zinazouzwa katika masoko ya hisa ya New York, Milan, Paris na Frankfurt.

Soko lenyewe ni dogo. Magari hayo ya kiti kimoja, yenye magurudumu yasiyofunikwa, yalikuwa ya timu 10 hadi mwaka 2025. Kwa msimu wa 2026 imeongezeka ya 11, Cadillac, yenye mkono wa General Motors ya Marekani. Kila timu ina viti viwili, hivyo dunia nzima ina viti 22. Bidhaa ikiwa adimu namna hiyo na wanaoitaka wakawa wengi, kila fununu hupata mnunuzi.

Swali kwa mwekezaji ni hili: je, fununu hizo zina thamani gani sokoni? Jibu linapatikana katika uhamisho mmoja ambao mwanzo wake na matokeo yake sasa vyote viko wazi, ule wa Lewis Hamilton kutoka Mercedes kwenda Ferrari.

SIKU MOJA, HABARI MBILI

Alhamisi ya Februari 1, 2024, hisa za Ferrari zilipanda kwa takriban asilimia 10 kwa siku moja. Hisa hizo, ambazo zilianza kuuzwa New York mwezi Oktoba 2015 kwa dola 52 kila moja, zilikuwa sasa zimepita dola 350. Magazeti mengi ya siku iliyofuata yalitoa sababu moja tu: Hamilton anakuja.

Lakini siku hiyo zilitoka habari mbili, wala si moja. Asubuhi vyombo vya habari vya Ulaya vilivumisha kuwa bingwa huyo wa dunia mara saba, aliyekuwa na Mercedes tangu 2013, angehamia Ferrari mwaka 2025. Siku hiyo hiyo Ferrari ilitoa hesabu zake za mwaka 2023. Mapato yalikuwa karibu euro bilioni 6, yakiwa yamepanda kwa asilimia 17. Faida halisi ilikuwa euro bilioni 1.26, ongezeko la takriban theluthi moja. Magari yaliyouzwa yalikuwa 13,663. Aidha, kampuni ilikadiria kuwa mapato ya 2024 yangepita euro bilioni 6.4.

Uthibitisho rasmi wa timu zote mbili ulitoka jioni, wakati soko la Milan limekwisha kufungwa. Maana yake ni kwamba wanunuzi wa Milan walilipa bei ya juu kwa kutazama vitu viwili: hesabu zilizowekwa mezani na uvumi hewani. Hakuna awezaye kukata mstari na kusema asilimia ngapi zilikuwa za hesabu na ngapi za dereva. Aliyenunua jioni hiyo kwa sababu ya Hamilton peke yake alinunua kitu ambacho bei yake ilikuwa imekwisha kulipwa tangu mchana.

MKATABA WENYE MLANGO

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mwezi Mei 2023 gazeti moja la Uingereza liliandika kuwa Ferrari inamtaka Hamilton kwa pauni milioni 40. Mhusika alikanusha, na mkuu wa timu ya Ferrari, Frédéric Vasseur, naye alikanusha. Agosti 31, 2023 Mercedes ikatangaza kuwa Hamilton ameongeza mkataba hadi mwisho wa 2025. Waliokuwa wakifuatilia tetesi wakafunga daftari zao.

Miezi mitano baadaye daftari zilifunguliwa upya. Katika tangazo lao la Februari 1, 2024, Mercedes wenyewe walieleza kuwa Hamilton ametumia kifungu cha kujitoa kilichokuwamo katika mkataba ule ule uliotangazwa Agosti. Mkataba uliosomwa na wengi kuwa wa miaka miwili ulikuwa, kwa hesabu ya biashara, wa mwaka mmoja wenye hiari ya mwaka wa pili. Na hiari hiyo ilikuwa mkononi mwa dereva.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Tangazo la mkataba si mkataba. Msomaji wa tangazo huona tarehe ya mwisho, lakini haoni milango iliyoachwa wazi katikati. Tena ushahidi mwingine ulikuwepo kwa aliyetaka kuutafuta: Vasseur aliongoza timu ya ART ambayo Hamilton alichukulia ubingwa wa GP2 mwaka 2006, kabla hajaingia Formula One. Watu waliofanya kazi pamoja hawashindwi kupeana simu.

Uhamisho huo mmoja ulisukuma mingine. Carlos Sainz, aliyepoteza kiti chake Ferrari, alishinda mbio mbili katika mwaka wake wa mwisho hapo, na Julai 2024 ikatangazwa kuwa anakwenda Williams. Kiti cha Hamilton katika Mercedes akapewa kijana Kimi Antonelli, aliyekuwa na umri wa miaka 18 tu.

KARATASI ILIYOSHINDA NENO

Kama uhamisho wa Hamilton unaonyesha tetesi iliyokuwa kweli, ule wa Oscar Piastri unaonyesha tangazo rasmi lililokuwa si kweli.

Mwishoni mwa Julai 2022 Sebastian Vettel alitangaza kustaafu. Agosti 1 Fernando Alonso akachukua kiti chake katika Aston Martin na kuiacha Alpine, timu ya Renault ya Ufaransa, na pengo. Kesho yake Alpine ikatangaza kuwa pengo hilo litazibwa na Piastri, kijana wa Australia iliyekuwa imemlea. Jioni hiyo hiyo Piastri akatoa taarifa yake mwenyewe: hajasaini mkataba wowote na Alpine kwa mwaka 2023 na hataiendeshea timu hiyo.

Shauri likapelekwa kwa Bodi ya Kutambua Mikataba. Chombo hicho kilizaliwa baada ya mgogoro wa mwaka 1991, Michael Schumacher alipoendesha gari la Jordan katika mbio za Ubelgiji kisha, wiki mbili baadaye, akaonekana Monza ndani ya gari la Benetton. Tangu hapo timu huandikisha mikataba yao kwenye bodi, na zikigombana, bodi husoma karatasi na kuamua.

Septemba 2, 2022 bodi iliamua kwa kauli moja kuwa mkataba pekee wenye nguvu ulikuwa ule wa Piastri na McLaren, uliotiwa saini Julai 4. Alpine ikabaki mikono mitupu na ikalazimika kumtafuta Pierre Gasly. McLaren kwa upande wake ilichukua ubingwa wa timu mwaka 2024, wa kwanza tangu 1998, na kuurudia 2025, Piastri akiwa katika kiti kimojawapo.

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kupoteza mzigo kwa sababu mwenzake aliwahi kuandikiana na muuzaji anaielewa kesi hiyo bila mwanasheria. Alpine ilimlea kijana, ilimgharimia, ilimtangaza. Haikuwa na karatasi.

SI KILA JINA LINANUNULIKA

Somo la pili linamhusu zaidi mwekezaji mdogo. Hata akibahatisha tetesi ya kweli, mara nyingi hana pa kuitumia.

McLaren, iliyonufaika zaidi na uhamisho wa miaka hii, haiuzi hisa zake katika soko lolote. Red Bull ni kampuni ya watu binafsi. Timu ya Mercedes ni theluthi moja tu mali ya Mercedes-Benz iliyoko Frankfurt, na theluthi hiyo ni tone katika bahari ya kampuni inayouza magari ya mabilioni ya euro. Hivyo hivyo kwa Renault na Alpine, na kwa General Motors na Cadillac. Dereva akihama, bei ya hisa za kampuni kubwa kama hizo haina sababu ya kutikisika.

Tahadhari kubwa zaidi ni Aston Martin. Septemba 10, 2024 timu hiyo ilitangaza kumwajiri Adrian Newey, mchoraji wa magari anayeheshimiwa kuliko wote, aliyekuwa Red Bull. Lakini timu ya mbio ya Aston Martin na kampuni ya magari ya Aston Martin Lagonda, iliyoko katika soko la London, ni kampuni mbili mbalimbali zenye vitabu viwili vya hesabu. Anayenunua hisa za London kwa sababu timu imepata fundi mpya amenunua duka la jirani.

Ipo pia Liberty Media ya Marekani, iliyonunua biashara nzima ya Formula One mwezi Januari 2017. Hisa zake za Formula One ziko katika soko la Nasdaq. Huyu ni mwenye uwanja, si mwenye timu. Yeye hupata ada za waandaaji wa mbio, za televisheni na za wadhamini, hata dereva fulani akivaa rangi gani. Kwake tetesi ni faida kwa sababu watu wanaendelea kuzungumzia mchezo wakati magari yako gereji.

Inabaki Ferrari, jina pekee ambalo timu, kiwanda na hisa viko chini ya paa moja. Ndiyo maana tetesi hulipata yeye.

HESABU YA OKTOBA

Je, aliyenunua Ferrari kwa ajili ya Hamilton alipata nini?

Kibiashara, si haba. Mapato ya udhamini, biashara na nembo yalipanda kutoka euro milioni 572 mwaka 2023 hadi 670 mwaka 2024, na mwaka huo kampuni ya HP ikawa mdhamini mkuu wa timu. Hata hivyo, mapato yote ya Ferrari mwaka 2024 yalikuwa takriban euro bilioni 6.7. Katika kila euro 100 zilizoingia, kama 10 tu zilitoka upande huo. Sehemu kubwa ya nyingine ilitoka kwa watu wanaonunua magari na vipuri.

Uwanjani mambo yalikuwa mabaya. Mwaka 2024, kabla Hamilton hajafika, Ferrari ilikosa ubingwa wa timu kwa pointi 14. Mwaka 2025, akiwa ndani, alishinda mbio fupi za Jumamosi huko China mwezi Machi, lakini hakuingia katika watatu wa kwanza wa Grand Prix hata moja, jambo ambalo halijawahi kumpata katika msimu mzima. Alimaliza wa sita, na timu ikawa ya nne.

Pamoja na hayo yote, siku mbaya kuliko zote kwa hisa za Ferrari haikuwa siku ya mbio. Ilikuwa Oktoba 9, 2025. Siku hiyo uongozi uliwaeleza wawekezaji kuwa unatarajia mapato ya takriban euro bilioni 9 ifikapo 2030, na kwamba magari ya umeme yatakuwa asilimia 20 ya aina zake, badala ya 40 zilizotajwa awali. Soko lilitarajia zaidi. Hisa zikaanguka kwa takriban asilimia 15 katika siku moja, anguko kubwa kuliko yote tangu kampuni iingie Milan mwaka 2016.

Dereva alikuwa yule yule. Gari lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni makadirio ya mauzo.

LA KUZINGATIA

Msimu wa tetesi utarudi kila mwaka, na baadhi ya tetesi zitakuwa kweli. Mwekezaji mdogo asizidharau, bali azipime kwa maswali manne kabla hajatoa fedha mfukoni. Je, ipo karatasi, au ni neno tu? Kama karatasi ipo, ina mlango wa kutokea? Timu inayotajwa ni ya kampuni ninayoweza kununua hisa zake, au ni jina linalofanana tu? Na mwisho, kati ya kila 100 ambazo kampuni hiyo huingiza, ngapi zinatokana na mbio?

Asiyepata jibu la swali la nne afurahie mbio katika televisheni na kuziacha fedha zake mahali zilipo. Februari 2024 soko lililipia hesabu na uvumi katika kapu moja. Oktoba 2025 lilipodai, lilidai hesabu peke yake.